Kuona, Kung'amua na Kurejelewa: Istilahi za Elimu ya Macho kutoka Ujiji hadi Majarida ya Sayansi

Makala haya yanahusu mafungu mawili ya istilahi ambayo hadi leo hutumiwa ovyo katika maandishi ya Kiswahili. Fungu la kwanza ni la elimu ya kuona: jicho hupokea nini, akili hufanya nini na kile kilichopokewa, na tukiite nini kile kinachotokea pale akili inapokataa kukubaliana na rula. Fungu la pili ni la uhasibu wa wanasayansi wenyewe, yaani namna wanavyohesabu mara ambazo kazi ya mtaalamu mmoja imetajwa na wenziwe. Huenda msomaji akashangaa kuyaona mafungu haya yamewekwa pamoja. Tumeyaweka pamoja kwa sababu katika historia ya elimu ya kuona kuna uchunguzi mmoja uliowapima watu wa Afrika, wakiwamo jirani zetu wa Uganda na Kongo, ambao umetajwa mno kwa muda wa zaidi ya nusu karne, na kutajwa kwenyewe kumezidi kuupa nguvu usiokuwa nayo mwanzoni. Mfasiri anayeandika juu ya jambo hilo bila istilahi thabiti huweza, kwa neno moja tu, kuwatia watu kasoro ambayo haikuthibitishwa na mtu yeyote.

Tutaanzia Ujiji, kwa kuwa pale pana kisa kinachofaa kupimia maneno.

Tarehe 13 Februari 1858 Richard Burton na John Hanning Speke, baada ya safari ndefu kutoka pwani kupitia Unyanyembe, walifika juu ya kilima kilicho karibu na Ziwa Tanganyika. Pamoja nao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akaishi India, akajua Kihindustani. Burton alikuwa dhaifu kwa maradhi. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho uliokaribia kumpofusha, na kwa maelezo yao wenyewe hakuambulia siku ile ila ukungu na mwanga wa kuumiza. Burton aliona mstari mwembamba uliokuwa ukimetameta huko bondeni, akauliza ni kitu gani. Bombay akamjibu kwamba, kwa maoni yake, yale ni maji. Burton alivunjika moyo, akadhani ziwa lililosifiwa na wafanyabiashara ni kidimbwi tu, na kwamba ametaabika bure. Aliposogea hatua chache mbele, miti ikaacha kumkinga, na ziwa zima likamfungukia pamoja na milima ya ng'ambo.

Watu watatu walisimama juu ya kilima kimoja wakati mmoja. Lugha ya kila siku yatosha kueleza yaliyowapata: Speke hakuona, Burton aliona asing'amue, Bombay aliona akang'amua. Hatukulazimika kuazima neno hata moja. Hata hivyo tofauti hii ndiyo msingi wa elimu yote ya kisasa ya kuona, maana elimu hiyo hutenganisha kazi ya jicho kama chombo cha kupokea nuru, na kazi ya ubongo ya kuipatia nuru ile maana. Mwanga ulioingia katika jicho la Burton na ule ulioingia katika jicho la Bombay haukutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Kilichotofautiana kilikuwa ndani.

Tukiyatazama maneno yetu kwa makini tutakuta yamekwisha kutayarishwa kwa kazi hii kuliko tunavyodhani. Wahenga walisema juu ya milango mitano ya fahamu, na mlango si mwenye nyumba. Kinachopita mlangoni hakina budi kupokewa na mtu aliyemo ndani. Kuona nako hakukufungiwa machoni. Mswahili huona baridi, huona njaa, huona haya, huona uchungu na huona afadhali, wala hakuna jicho linalohusika. Kusikia nako hupita mipaka ya sikio, kwani tunasikia harufu na tunasikia maumivu. Baadhi ya wafasiri wameona jambo hili kuwa ni upungufu wa lugha. Sisi hatukubaliani nao. Ni alama kwamba lugha imekwisha kutambua kuwa fahamu ni moja ingawa milango ni mingi. Shida ya mwanaistilahi ni nyingine: neno lililo pana hivyo halifai kupewa kazi finyu ya kitaalamu.

Kwa hiyo tunapendelea uoni uwe uwezo wa macho wenyewe, yaani ule unaopimwa na daktari kwa kumsomesha mgonjwa herufi ukutani. Na neno hili limekwisha kuzoeleka katika maelezo ya watu wenye uoni hafifu. Kile kinachofanywa na akili baada ya jicho tunapendelea kukiita ung'amuzi. Wako wanaopendekeza utambuzi, na hoja yao si dhaifu. Ila utambuzi umekwisha kushikwa na wana-elimunafsia (au saikolojia, kama wengi wasemavyo) kwa maana pana ya kufikiri, kukumbuka na kujua kwa jumla. Istilahi moja ikibebeshwa mizigo miwili, mwanafunzi ndiye anayeelemewa. Kung'amua kuna faida nyingine: hutumiwa hasa kwa kitu kilicho mbali, kilichofifia au kilichofichika. Mtu aliyesimama bandarini Kigoma wakati wa kiangazi, ambapo moshi wa mioto ya nyika na vumbi hutanda hewani, hutazama magharibi asione ila weupe. Mvua ikinyesha na hewa ikasafika, milima ya Kongo, iliyo umbali wa kilometa 50 hivi, huonekana wazi na mtu huhisi kwamba imesogea. Milima haikusogea. Akili imezoea kukipima kitu cha mbali kwa ufifi wake, na ufifi ukiondoka kipimo hubadilika.

Hapa ndipo penye neno gumu kuliko yote: tukiite nini kile kinachompata mtu anapong'amua jambo lisilolingana na kipimo? Yako maneno mengi na hayalingani. Mazigazi tunalo tangu zamani, nalo ni yale maji ya uongo yanayoonekana jangwani au juu ya barabara ya lami wakati wa joto kali. Lakini mazigazi yamo hewani, kwa kuwa nuru yenyewe hupinda; ukipiga picha, hata kamera huyanasa. Hilo ni neno la wanafizikia na tuwaachie. Kiinimacho na mazingaombwe humtaka mtendaji, mtu mwenye hila anayewachezea watazamaji. Njozi ni ya aliyelala. Kosa la macho ndilo linalotumiwa zaidi katika tafsiri za haraka, na ndilo tunalolikataa kabisa, kwa sababu zitakazodhihirika punde.

Mwaka 1889 Mjerumani Franz Carl Müller-Lyer alichapisha mchoro wa mistari miwili iliyo sawa kwa urefu. Mmoja una vishale vinavyogeukia ndani katika ncha zake, na mwingine una vishale vilivyopanuka kwenda nje. Karibu kila msomaji wa makala haya atauona huu wa pili kuwa mrefu zaidi, na ataendelea kuuona hivyo hata baada ya kuupima kwa rula na kuthibitisha kwamba amehadaika. Mwaka 1898 W. H. R. Rivers, akiwa katika msafara wa Chuo Kikuu cha Cambridge kwenye visiwa vya Torres Strait, aliwaonyesha wenyeji michoro ya namna hii akakuta kwamba mchoro wa Müller-Lyer uliwahadaa kidogo kuliko ulivyowahadaa Waingereza. Mchoro mwingine, wa mstari uliosimama juu ya mstari uliolala, uliwahadaa zaidi. Jambo hili liliwatatiza watu wa zama zile, waliotazamia kwamba yule waliyemwita mshenzi angehadaika katika kila kitu.

Swali likalala kwa muda mrefu. Likaamshwa na wataalamu watatu wa Marekani: Melville Herskovits, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Northwestern aliyefariki mwaka 1963 kabla kazi haijakamilika, Donald Campbell wa chuo hicho hicho, na Marshall Segall. Walitayarisha kijitabu cha michoro, wakakikabidhi kwa watafiti waliokuwa wakienda sehemu mbalimbali za dunia. Miongoni mwa vikundi vilivyopimwa walikuwamo Wanyankole na Watoro wa Uganda, Wasongye na Wasuku wa Kongo, Wazulu, Wasan wa Kalahari, na wakazi wa mji wa Evanston huko Illinois. Kutoka Tanganyika hakukuwa na kikundi hata kimoja. Kitabu chao kilitoka mwaka 1966, na habari zake za awali zilikuwa zimechapishwa katika jarida la Science mwaka 1963.

Matokeo kwa muhtasari ni haya. Watu wa Evanston walihadaika sana na mchoro wa Müller-Lyer: ili mistari ionekane sawa kwao, mmoja ulihitaji kurefushwa kwa kadiri ya sehemu moja ya tano. Wasan walikaribia kutohadaika kabisa. Wanyankole, Watoro na wengine walikuwa kati kwa kati. Katika mchoro wa mstari uliosimama na uliolala, Wanyankole na Watoro ndio walioongoza kwa kuhadaika. Waandishi walitoa maelezo mawili. La kwanza, mtu aliyelelewa katika nyumba za seremala, zenye pembe mraba kila upande, hujifunza kuzisoma pembe zilizochorwa kana kwamba ni kona za chumba. La pili, mtu aliyekulia mahali pa wazi panapoonekana hadi upeo wa macho hujifunza kwamba mstari uliosimama mbele yake huenda ni ardhi ndefu inayokwenda mbali. Kwa maelezo hayo mvuvi wa Ujiji, ambaye kila siku hutazama maji yasiyokuwa na kizuizi, angetazamiwa kuwa karibu na Wanyankole, lakini hakuulizwa.

Kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo wengi wanaoitaja huliacha, nalo ni la lugha. Campbell alifahamu kwamba mtu akitoa jibu lisilotarajiwa, huenda ameona tofauti, na huenda pia hakuelewa swali. Kwa hiyo sehemu za michoro zilipambanuliwa kwa rangi, na mistari ikaachanishwa isigusane, ili aulizwaye asitatizwe na maneno. Juu ya hayo, kila mtu alianza kwa michoro ya majaribio ambamo tofauti ya urefu ilikuwa kubwa na dhahiri. Aliyeshindwa hapo alihesabiwa kuwa hakuelewana na mwulizaji. Yaani wanasayansi hawa walikiri kwamba kabla ya kupima ung'amuzi hawana budi kupima tafsiri. Tungefurahi kama uangalifu huo ungefuatwa na kila mtu anayekuja kuwauliza watu wetu maswali kupitia mkalimani.

Sasa tuingie katika fungu la pili. Mwaka 1955 Eugene Garfield wa Marekani alipendekeza faharasa ya namna mpya, isiyopangwa kwa mada bali kwa kufuata nani amemtaja nani. Mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ikaanza kuichapisha. Wazo hilo alilichukua kwa wanasheria, ambao kwa miaka mingi walikuwa na vitabu vya kuwaonyesha kama hukumu fulani imefuatwa na mahakama za baadaye, imetiliwa shaka, au imetanguliwa. Wanasheria waliandika hayo yote. Faharasa ya sayansi ilichukua hesabu tu na kuiacha hukumu: anayetajwa kwa kusifiwa na anayetajwa kwa kupingwa wote huongezewa moja. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akabuni kipimo kinachompa mtaalamu namba moja tu. Mwenye 20, kwa mfano, ana maandishi 20 ambayo kila moja limetajwa si chini ya mara 20. Siku hizi namba kama hizo husaidia kuamua nani apandishwe cheo na nani apewe fedha za utafiti.

Wafasiri wetu huliita tendo hili kunukuu, kudondoa, kutaja au kurejelea, mara nyingine yote manne katika ukurasa mmoja. Hayafanani. Anayenukuu huchukua maneno yenyewe bila kuyageuza. Anayedondoa huchagua kipande. Anayetaja huweza kutaja jina tu, kama mtu anavyomtaja jirani yake kwa wema au kwa ubaya. Anayerejelea humwelekeza msomaji arudi kwenye kazi ya mwingine, bila kusema kama anaikubali. Hili la mwisho ndilo linalotufaa, na kutoka hapo tunapata rejeleo, marejeleo, na hesabu ya kurejelewa. Nguvu inayodhaniwa kutokana na hesabu hiyo imezoeleka kuitwa athari. Tuna shaka nalo, kwa kuwa katika matumizi ya watu athari huelekea kwenye madhara; aliyeathirika ni mgonjwa, au mtu aliyekumbwa na mafuriko. Zaidi ya hayo athari hudai kwamba jambo limebadilisha kitu, ilhali hesabu huonyesha tu kwamba limesikika. Tunapendekeza mvumo. Ngoma huvuma pote, na asikiaye bado hajui kama ni ya harusi au ya msiba.

Uchunguzi wa mwaka 1966 unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan, waliokuwa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, walichapisha makala yenye hoja nzito: elimunafsia imejengwa juu ya wanafunzi wa vyuo vya nchi tajiri za Magharibi, na watu hao si kielelezo cha wanadamu wote. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, na kwetu sisi ilikuwa pia ya faraja. Miongoni mwa mifano yao ya kwanza waliweka matokeo ya Müller-Lyer ya mwaka 1966. Makala yao yamerejelewa maelfu ya mara, na pamoja nayo takwimu za zamani zikapata mvumo mpya. Kila aliyerejelea alimrejelea aliyerejelea. Wanyankole waliokuwa wamekaa mbele ya kijitabu katika miaka ya kabla ya uhuru wa Uganda wakawa, katika vitabu vya kiada vya dunia nzima, ushahidi kwamba utamaduni huunda hata uonaji wa mistari.

Mwaka 2025 Dorsa Amir na Chaz Firestone wa Marekani walichapisha uhakiki wao katika Psychological Review. Walirudi kwenye ushahidi wenyewe wakaona hautoshelezi. Hadaa ya Müller-Lyer imeonekana kwa wanyama, wakiwamo samaki, ambao hawakujengewa nyumba na seremala yeyote. Hutokea kwa kupapasa, hata kwa watu wasioona. Hutokea michoro ikiwa ya mikunjo badala ya pembe. Nao watoto wa India waliozaliwa na mtoto wa jicho, wakapasuliwa na kuanza kuona, walihadaika mara tu baada ya kufunguliwa macho, kama ilivyoripotiwa mwaka 2015. Kwa maoni ya waandishi hao, tofauti zilizopimwa zamani zaweza kutokana na namna vipimo vilivyofanywa. Hatudai kwamba mjadala umekwisha. Lakini ni wazi kwamba hesabu kubwa ya marejeleo haikuwa hukumu, na ndiyo maana istilahi isiifanye kuwa hukumu.

Ndiyo maana pia tunakataa kosa la macho. Mwandishi akisema kwamba Watoro walikuwa na kosa kubwa la macho kuliko watu wa Evanston katika mchoro fulani, msomaji wa Fort Portal atasoma ugonjwa au ujinga. Na akisema kwamba Wasan hawana kosa, mwingine atasoma kwamba wao wana macho ya wanyama, kama walivyodai wasafiri fulani wa kale. Macho ya wote yalikuwa mazima. Tunapendekeza hadaa ya umbo. Katika istilahi hii mwenye kuhadaa ni umbo lililochorwa, na aliyehadaika hana lawama, awe wa Ujiji au wa Illinois.

Tumetaja samaki, na ni haki kueleza kwamba kwa upande huo Ziwa Tanganyika limeingia katika elimu ya ung'amuzi kwa mlango wake lenyewe. Mwaka 2015 Masanori Kohda na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jiji la Osaka, Japani, walichapisha katika PLOS ONE uchunguzi juu ya samaki mdogo wa ziwa hili, wa jamaa ya perege, aitwaye kisayansi Neolamprologus pulcher. Huishi kwa vikundi vya ukoo wakisaidiana kulea. Watafiti walimwonyesha samaki picha ambazo uso ulikuwa wa jirani na mwili wa mgeni, na nyingine kinyume chake. Samaki alituliza tahadhari kwa kufuata uso, hata mwili uwe wa nani, na alipambanua kwa muda usiofika nusu sekunde. Hapo uoni peke yake hautoshi kueleza, kwa kuwa picha zote mbili zilionekana vizuri. Huo ni ung'amuzi, na istilahi inayomfaa Burton kilimani imemfaa samaki chini ya maji bila kulazimishwa.

Uchunguzi huo ulifanywa katika matangi ya maabara, si ziwani, na jina la samaki yule katika midomo ya wavuvi halimo katika makala yake. Majina kama kuhe, mgebuka na dagaa yamekwisha kuingia sokoni na katika maandishi kwa kuwa samaki hao huliwa. Wale wadogo wa mawe, wanaouzwa ng'ambo kwa ajili ya mapambo, hujulikana zaidi kwa Kilatini. Tunawaomba wasomaji wa Kigoma, Ujiji, Kalya na Kirando watuletee majina yao jinsi yanavyosemwa, pamoja na mahali yalikosikika. Tunawaomba pia neno, la Kiha, la Kibembe au la Kiswahili cha mwambao ule, kwa ile hali ya milima ya Kongo kujisogeza baada ya mvua. Kwa sasa karatasi ya istilahi inaonyesha uoni, ung'amuzi, hadaa ya umbo, mazigazi, rejeleo, hesabu ya kurejelewa na mvumo; na mbele ya hali hiyo ya milima pana nafasi tupu.